Barabara ya Mlima au Mkanda wa Jimu: Mkimbiaji wa Nyeri Achague Nini?

Mtu akitoka mjini Nyeri kwa miguu, upande wowote atakaoshika, hafiki mbali kabla hajaanza kupanda au kuteremka. Akielekea Tetu anakutana na migongo na mabonde; akishuka kwenye Mto Chania lazima apande tena ng'ambo; akishika njia ya Kiganjo, Mlima Kenya wenyewe unamkabili, mita 5,199, mawingu yakikubali. Mji uko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni ya ubaridi. Kuna wakimbiaji wa Ulaya wanaolipa nauli ya ndege kufuata mahali pa namna hii. Hata hivyo, katika miji inayouzunguka mlima, kuanzia Karatina na Nyeri hadi Nanyuki, Meru na Embu, jimu ni biashara ya kawaida siku hizi, na chombo kinachogombewa humo saa za asubuhi na jioni ni mashine ya kukimbilia, tredmili. Watu wanalipa ada ya mwezi ili wakimbie bila kwenda popote, na milima iko pale pale dirishani.

Wapo wanaocheka. Kwao, mtu wa Nyeri aliye juu ya mkanda ni kama mvuvi wa Lamu anayenunua samaki wa kopo. Kicheko hicho kina haki yake, ila kinapita juu ya mambo mawili. La kwanza, mwili hautofautishi barabara na mashine kwa kiasi tunachodhani. La pili, wengi walioko jimu hawakuikataa barabara. Barabara ndiyo iliyowakataa. Ukiyapima yote mawili, swali la kipi ni bora linageuka kuwa swali la nani anaweza kukimbia wapi, na saa ngapi.

Mwili unavyohesabu

Tuanze na lile lililopimwa kwa miaka mingi. Anayekimbia nje anapasua hewa. Juu ya mkanda hewa imetulia, kwa hiyo kasi ileile inadai nguvu pungufu kidogo. Mwaka 1996 Andrew Jones na Jonathan Doust, watafiti wa Uingereza, walionyesha kwamba mkanda ukiinuliwa kwa asilimia 1, gharama ya oksijeni inakaribiana sana na ile ya barabara tambarare, kwa kasi za kati ya kilomita 10 na 18 hivi kwa saa. Tangu hapo imekuwa kama amri ya jimu dunia nzima: inua moja, ndipo uanze.

Huku kwetu amri hiyo inapungua makali. Kwenye mwinuko wa Nyeri hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita, na hewa nyepesi hupasuliwa kwa nguvu ndogo. Tena upinzani wa hewa hupanda kwa haraka kadiri kasi inavyopanda. Bingwa anayekwenda kilomita 20 kwa saa anauhisi. Anayekwenda kilomita 8 au 9 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya wengi wetu, hauoni kabisa. Kwake yeye asilimia 1 si jambo la kubishania.

Kinachosahaulika ni kwamba ukuta wa jimu hauzuii mwinuko. Mgeni aliyetoka Mombasa jana akapanda tredmili leo mjini Nanyuki, ulio juu zaidi ya Nyeri, atahema vilevile kama angekuwa barabarani, kwa sababu uhaba wa oksijeni uko ndani na nje. Na mwenyeji anayefanya mazoezi ndani hapotezi faida ya kuishi juu, maana mwili huizoea zaidi hewa haba kwa kuishi ndani yake usiku na mchana kuliko kwa saa moja ya mazoezi.

Je, miguu? Mwaka 2020 Bas Van Hooren na wenzake walichapisha mapitio ya tafiti 33 zilizolinganisha mwendo wa mkimbiaji juu ya mkanda na ardhini. Walikuta kwamba kwa sehemu kubwa mienendo hiyo miwili inafanana. Tofauti zilizoonekana zilikuwa za kadiri, kwa mfano unyayo kutua ukiwa bapa zaidi kwenye mkanda. Hiyo maana yake ni kwamba anayekimbia ndani hafanyi mchezo. Ni kukimbia kweli.

Mapitio hayo yanawagusa pia wanaosema mkanda unaokoa magoti. Mkanda huwa na ulaini wake, lakini mguu nao una akili. Katika miaka ya 1990, Daniel Ferris na Claire Farley walionyesha huko Marekani kwamba mkimbiaji hurekebisha ukakamavu wa mguu wake kulingana na anapokanyaga: ardhi ikiwa ngumu mguu unalegea kidogo, ikiwa laini mguu unakaza, na mwili kwa jumla unaendelea na mwendo uleule. Wengi wanaoumia magoti wameumizwa na haraka ya kuongeza kilomita kabla mwili haujawa tayari, na haraka hiyo inapatikana juu ya mkanda kama inavyopatikana juu ya lami.

Panapobaki tofauti za wazi ni kwenye joto na kwenye hisia. Nje, mwendo wako mwenyewe unakupepea. Ndani, jasho linakosa wa kulikausha, na mkimbiaji anachemka hata mji ukiwa na ubaridi. Feni mbele ya mashine si anasa. Hisia nazo hudanganya. Watafiti wa Singapore waliwakimbiza watu nje, kisha wakawataka waweke tredmili kwenye kasi waliyohisi kuwa ni ileile. Wengi waliweka kasi ndogo kuliko ya nje. Macho yasipoona miti ikipita, mwili hujiona unakwenda mbio kuliko ilivyo. Ndiyo maana dakika kumi za jimu huwa ndefu.

Skrini yenyewe pia si ya kuaminiwa bila kupimwa, hasa mashine kuukuu. Kuna njia rahisi ya kuipima. Mashine ikiwa imezimwa, tia alama ya chaki ukingoni mwa mkanda na upime urefu wa mzunguko wake mzima kwa futikamba. Tuseme umepata mita 3. Iwashe, iweke kilomita 10 kwa saa, halafu mwenzako ahesabu mizunguko 20 kwa saa ya mkononi huku wewe ukikimbia juu yake, kwa sababu mkanda wenye mtu hupungua kasi. Mizunguko hiyo ni mita 60, na inapaswa kuchukua sekunde 21 na nusu hivi. Ikichukua 25, ile kilomita 10 unayojisifia ni 8 na kitu.

Mteremko usio na kitufe

Kama hesabu ya mapafu na miguu inakaribiana hivyo, barabara imebaki na nini? Imebaki na mambo ambayo mashine haijui, na la kwanza ni kuteremka.

Tredmili nyingi hupanda hadi asilimia 12 au 15. Zinazoteremka ni chache. Lakini mteremko ndio unaochosha miguu kwa namna ya pekee: misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki, inakaza huku inavutwa irefuke, na hiyo ndiyo inayoleta yale maumivu ya siku ya pili, pale mtu anaposhuka ngazi ameshikilia ukuta. Habari njema ni kwamba misuli ikizoeshwa taratibu huwa sugu. Habari mbaya ni kwamba kupanda hakuizoeshi. Mtu aliyejiandaa miezi mitatu kwa mkanda pekee, akajiandikisha kwenye mbio za mlimani, atashangazwa na mteremko kuliko mwinuko.

Mfano mkubwa uko Marekani. Mbio za marathoni za Boston huanzia Hopkinton na kumalizika zaidi ya mita 130 chini ya zilipoanzia, zikiwa na vilima vya Newton vinavyomngoja mkimbiaji akiwa tayari amechoshwa na miteremko ya mwanzo. Catherine Ndereba, mzaliwa wa Nyeri, alizishinda mara nne: 2000, 2001, 2004 na 2005. Katikati ya hayo, Oktoba 2001, aliweka rekodi ya dunia Chicago, saa 2, dakika 18 na sekunde 47, na akawa bingwa wa dunia wa marathoni Paris 2003 na Osaka 2007. Ushindi wa namna hiyo una sababu nyingi, na kilomita zake za utu uzima hakuzikimbilia Nyeri peke yake. Lakini aliyekulia kwenye migongo na mabonde haanzi kujifunza kuteremka akiwa na miaka 27, umri aliokuwa nao aliposhinda Boston mara ya kwanza.

Jambo la pili ni ardhi yenyewe. Chukua mteremko wowote wa udongo mwekundu mwezi wa Aprili, asubuhi baada ya mvua ya usiku. Katikati ya njia, magurudumu ya pikipiki yamechimba mfereji na maji bado yanatiririka ndani yake. Anayejua hapiti hapo. Anashika ukingo wenye nyasi, anafupisha hatua, anageuza unyayo kidogo upande, mikono ameitanua kama anayevuka mto juu ya gogo. Kila hatua ni uamuzi. Tope linashika soli mpaka raba inakuwa nzito maradufu. Kifundo cha mguu, nyonga na misuli midogo inayomzuia mtu asianguke hufanya kazi ambayo mkanda, uliolala vilevile mita baada ya mita, hauwezi kuidai. Mkanda hurudia hatua moja. Njia ya shambani hairudii hata moja.

Ndiyo maana historia ya mbio za eneo hili imeandikwa juu ya udongo. Chuo cha polisi cha Kiganjo, nje kidogo ya Nyeri, ndipo Kipchoge Keino alipokuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo. Mwaka 1965 aliweka rekodi za dunia za mita 3,000 na 5,000, na mwaka 1968 akashinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 huko Mexico City, mji ulio juu kuliko Nyeri, ambako wakimbiaji wa nchi za tambarare walikosa pumzi. Upande wa mashariki wa mlima, chuo cha ualimu cha Kigari, Embu, kilikuwa kwa miaka mingi kambi ya timu ya taifa ya mbio za nyika, timu ambayo wanaume wake walitwaa ubingwa wa dunia mfululizo kuanzia 1986 hadi 2003. Upande wa magharibi, Nyahururu ilimtoa John Ngugi, bingwa wa dunia wa nyika mara tano na dhahabu ya mita 5,000 mjini Seoul mwaka 1988, michezo ambayo Julius Kariuki wa huko huko alishinda mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Mwaka 2001 Charles Kamathi wa Nyeri aliuvunja utawala wa Haile Gebrselassie katika mita 10,000 za mashindano ya dunia huko Edmonton. Mwaka 2008 Samuel Wanjiru wa Nyahururu akawa Mkenya wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki, Beijing, saa 2, dakika 6 na sekunde 32.

Orodha hiyo inatosha kumfanya mtu atupe kadi ya jimu. Asiitupe bado, kwa sababu hoja ya mabingwa ina tundu. Keino alikuwa askari aliyelipwa mshahara ili afanye na kufundisha mazoezi. Ngugi alikuwa mwanajeshi. Ndereba aliajiriwa na idara ya magereza. Kambi ya Kigari ilikuwa na kocha, mpishi na ratiba. Wote hao walipewa kitu ambacho karani wa kaunti, mwalimu wa Othaya au muuza duka wa Karatina hana: mchana. Walikimbia jua likiwaona, wakiwa kundi, na kukimbia ndiyo iliyokuwa kazi yao.

Barabara ina saa zake

Jua la ikweta halina majira. Nanyuki iko juu ya mstari wenyewe wa ikweta na Nyeri iko kusini yake kidogo, kwa hiyo mwaka mzima jua huchomoza takriban kati ya saa kumi na mbili na robo na saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, na jioni huzama kwa mpango uleule. Hakuna zile jioni ndefu za kiangazi cha Ulaya, ambako mtu hutoka kazini akala, kisha akaenda kukimbia na bado kuna mwanga. Huku, aliye na haja ya kuwa kwenye steji ya matatu saa kumi na mbili asubuhi, akarudi nyumbani saa moja usiku, amebakiwa na giza pande zote mbili za siku.

Giza hilo lina mambo yake. Ukitoka katikati ya mji taa za barabarani zinaisha. Bodaboda inakuja bila taa ya mbele, mbwa wa kulinda boma wamefunguliwa, na ukingo wa lami umeliwa na mvua hadi mkimbiaji hana budi kukanyaga barabarani. Takwimu za mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba kundi kubwa zaidi la wanaouawa katika barabara za Kenya ni watembea kwa miguu. Mkimbiaji wa alfajiri ni mtembea kwa miguu mwenye haraka, aliyevaa nguo nyeusi. Na barabara kuu zinapopanuliwa, kama ile ya Kenol hadi Marua, kilomita 84, magari hupata mbio zaidi. Asiye na njia yake pembeni huachwa na nafasi finyu zaidi.

Kwa mwanamke hesabu hii ni nzito maradufu. Mwanamume akikimbia peke yake saa kumi na moja alfajiri, anaogopa mbwa na pikipiki. Mwanamke anaogopa hao, kisha anaogopa watu. Hata mchana hakosi maneno. Mama wa miaka hamsini na kitu aliyeambiwa na daktari apunguze uzito, akatoka na raba zake, hupita mbele ya vijana wa bodaboda na kusikia, "Mathe, nani anakukimbiza?" Ni utani, wala si ubaya mkubwa, lakini ukirudiwa kila steji mtu hurudi nyumbani. Jimu yenye mlango, taa na wanawake wenzake inamrudishia kitu ambacho barabara imemnyang'anya.

Kuna pia majirani wa porini. Mashamba yanayopakana na misitu ya Aberdare na Mlima Kenya yameishi na ndovu na nyati tangu zamani. Uzio wa umeme wa Aberdare, wenye urefu wa karibu kilomita 400, uliokamilishwa mwaka 2009 chini ya shirika la Rhino Ark, umepunguza balaa kwa kiasi kikubwa. Bado hakuna mwenyeji wa ukingoni mwa msitu anayekimbia kabla ya mapambazuko bila kusikiliza kwanza. Mbio za Lewa, zilizoanza mwaka 2000 ndani ya hifadhi iliyoko Meru, hupita katikati ya wanyama, na huwezekana kwa sababu siku hiyo kuna walinzi ardhini na helikopta angani. Mkimbiaji wa kawaida wa Jumanne asubuhi hana helikopta.

Mwisho ni mvua. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba huzifanya njia za udongo zisipitike, na Julai na Agosti huleta ukungu na manyunyu ya baridi yanayoingia hadi mifupani. Mzoefu anakimbia. Anayeanza hupumzika siku mbili, zikawa wiki, wiki zikawa mwaka. Kwa afya, mazoezi duni yanayofanyika ni bora kuliko mazoezi mazuri yaliyoahirishwa.

Kazi halali ya mashine

Nchi za baridi zilishajibu swali hili kwa shida zake. Ingrid Kristiansen wa Norwei alifanya sehemu kubwa ya mazoezi ya kipupwe juu ya tredmili, na mwaka 1985 akaweka rekodi ya dunia ya marathoni London, saa 2, dakika 21 na sekunde 6. Christine Clark, daktari kutoka Anchorage, Alaska, alijiandaa kwa mkanda na mwaka 2000 akashinda mchujo wa Olimpiki wa Marekani. Siku hizi Jakob Ingebrigtsen wa Norwei huutumia mkanda hata asipolazimishwa na theluji, kwa sababu humwezesha kushika kasi moja bila kupunguza wala kuzidisha, huku damu ikipimwa katikati ya mazoezi.

Hilo la mwisho linafaa kuigwa na asiye bingwa. Nyeri haina barabara ndefu ya tambarare. Anayetaka kujifunza kushika mwendo mmoja kwa dakika ishirini huangushwa na kilima cha kwanza. Mkanda unampa tambarare ambayo ardhi imemnyima. Vilevile kwa anayerejea baada ya kuumia: kano ya kisigino inayopona haitaki shimo wala jiwe, inataka hatua zinazofanana, kasi inayoongezwa kidogo kidogo, na uwezo wa kusimama papo hapo inapouma.

Kazi ya tatu ni ya hospitali. Kipimo cha moyo alichokianzisha Robert Bruce huko Seattle mwaka 1963 bado kinatumika duniani kote: mgonjwa anaunganishwa nyaya, anatembea juu ya mkanda, na kila dakika 3 mashine inaongeza kasi na mwinuko. Huanza na kilomita 2.7 kwa saa kwenye mwinuko wa asilimia 10. Mtu wa Othaya hupanda mwinuko huo akienda dukani, lakini daktari hawezi kumfuata huko na nyaya. Aliye na umri wa miaka arobaini na zaidi, mwenye shinikizo la damu au kisukari, au aliyekaa miaka mingi bila mazoezi, aonane na daktari kabla ya kuingia ama barabarani ama jimu.

Na hapa jambo linaacha kuwa la wanamichezo tu. Serikali ilipozindua majaribio ya afya kwa wote mnamo Desemba 2018, ilichagua kaunti nne, Nyeri ikiwa mojawapo, na sababu ya kuichagua Nyeri ilikuwa mzigo wa magonjwa yasiyoambukiza kama kisukari na shinikizo la damu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuwa umekuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini akiwa na shinikizo la juu la damu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali. Moyo hauulizi dakika hizo zimetoka wapi.

Stima na shilingi

Barabara ni ya bure, ila raba si za bure. Za mitumba zinapatikana kwenye soko la Karatina na kwingineko, na aliye makini hukagua soli: ikikunjika katikati kama kitambaa, au ikiwa imelika upande mmoja, aiache hata ikiwa na jina kubwa. Lami na changarawe humaliza viatu upesi, mkanda huvitunza. Lakini mkanda una ada ya kila mwezi, na anayeuweka nyumbani ana gharama ya mashine yenyewe, mafuta ya mkanda, fundi, na stima. Mota ikifanya kazi sawasawa inaweza kula kati ya nusu uniti na uniti moja kwa saa.

Stima yenyewe ina desturi zake. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani kwa saa nyingi, na ukiacha matukio makubwa kama hayo, upepo na mvua za mlimani huangusha miti juu ya nyaya mara kwa mara. Mkanda unaosimama ghafla chini ya mtu anayekimbia humtupa mbele. Ile kamba nyekundu yenye kibanio, ambayo watu wengi huiacha ikining'inia, ibanwe kwenye shati: mtu akirudi nyuma au akianguka, kamba inachomoka na mkanda unasimama badala ya kuendelea kumkwaruza. Na vyuma vya pembeni vijulikane viko wapi kabla ya taa kuzimika.

Uamuzi

Kwa anayeweza kuipata barabara kukiwa na mwanga, barabara iwe ya kwanza. Inampa mteremko, tope, kona, upepo, mandhari na watu, na haimdai shilingi. Anayejiandaa kwa mbio zozote za eneo hili hana njia ya mkato: angalau mara mbili kwa wiki akanyage ardhi, na mara moja kati ya hizo ateremke kilima halisi, aanze kidogo na kuongeza polepole. Mkanda autumie kwa kazi tatu: mwendo wa kasi moja, kurejea baada ya kuumia, na siku ambazo giza au mvua vimefunga njia. Anayekimbia kwa ajili ya afya tu, bila nia ya kushindana, asione haya kumaliza kilomita zake zote ndani. Anachopoteza ni kidogo, na anachopata ni kilekile daktari alichomtuma.

Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumemwachia mtu mmoja mmoja tatizo la umma. Wengi waliopanda mkanda wamekimbia giza, pikipiki na maneno ya njiani, na vitu hivyo vinaondoleka. Nairobi imeonyesha. Msitu wa Karura ulikuwa mahali pa kuogopwa. Baada ya uzio na malango, mwaka 2011 ulifunguliwa kwa umma, na leo wanawake hukimbia humo peke yao katika njia zenye urefu wa makumi ya kilomita. Msitu huo upo kwa sababu Wangari Maathai, binti wa Ihithe, Tetu, alisimama mbele ya wanyakuzi wa ardhi akapigwa na kuumizwa kichwani mwezi Januari 1999. Mwana wa Nyeri aliwapatia wakazi wa Nairobi mahali pa kukimbilia. Kwao hapajapata matunzo kama hayo.

Nyeri ina kilima chake chenye msitu, kinachotazama mji. Ina viwanja vya Ruring'u na Dedan Kimathi, na viwanja vya shule visivyo na mtu saa kumi na moja jioni. Serikali za kaunti zinazouzunguka mlima hazihitaji kujenga uwanja mpya wa mamilioni ili watu wakimbie. Ziweke taa kwenye kilomita chache za barabara zinazotoka mjini, zitenge njia ya miguu kila lami inapopanuliwa, zifungue viwanja alfajiri na jioni kukiwa na mlinzi langoni, na ziketi na Huduma ya Misitu juu ya njia salama za Kilima cha Nyeri. Wakazi nao waanze vikundi, kwa sababu watu sita wanaokimbia pamoja hawaulizwi nani anawakimbiza. Hayo yakifanyika, tredmili itabaki na kazi yake halali, na atakayeipanda atakuwa ameichagua mwenyewe.